Dawa Ilizima Moto, Maji Yakaendelea Kupanda

Usiku wa kwanza nilidhani ni moyo. Niliamka kama saa nane, kifua kinawaka katikati kabisa, nyuma ya mfupa, na kooni kumejaa maji makali kama siki. Nikakaa kitandani nimeshika kifua. Mume wangu akawasha taa, akaniuliza kama mkono wa kushoto unauma. Hauumi, nikamwambia. Hata hivyo tulikwenda hospitali usiku uleule, na sijawahi kuujutia uamuzi huo, kwa sababu maumivu ya moyo na maumivu ya umio, yaani mrija wa kupitisha chakula, huvaa nguo moja, na mgonjwa mwenyewe hana uwezo wa kuyatofautisha gizani. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi, na cha damu pia. Tukarudi nyumbani na maneno mawili: "Ni asidi."

Tangu usiku huo imepita miaka tisa. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni ya kuinama, na katika miaka hiyo nimemeza vidonge vingi kuliko vifungo nilivyoshona. Nimepata nafuu, tena nafuu kubwa. Lakini sijapona, na imenichukua muda mrefu kuelewa kwa nini. Neno lile "asidi" lilikuwa fupi mno. Ndani yake mlikuwa na matatizo zaidi ya moja, na dawa niliyopewa ilikuwa ya moja tu.

Hata kufika kwenye neno hilo nilichelewa. Kabla ya usiku ule nilikuwa nimeshaambiwa nina vidonda vya tumbo. Wengi wetu huita hivyo kila kinachouma kati ya kitovu na koo, na mtu aliyenihudumia kipindi hicho naye aliita hivyo. Nilipewa mchanganyiko wa antibayotiki wa wiki mbili za kuua bakteria wa tumboni, bila kupimwa kama ninao. Dawa zile ni nzuri kwa mwenye bakteria hao, maana ndio chanzo kikubwa cha vidonda. Kiungulia cha kupanda kwa asidi ni jambo jingine. Pale tatizo ni kilichomo tumboni kurudi juu kwenye umio, na kuua bakteria hakukizuii kurudi. Niliharisha siku kumi na nne na kiungulia kikabaki vilevile.

Baada ya usiku wa hospitali nilianza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ya miligramu 20. Wiki ya kwanza nililia kwa furaha. Nililala usiku mzima, nikaamka kifua baridi. Nilidhani hadithi imeishia hapo.

Haikuisha. Baada ya miezi kadhaa moto ulirudi, kwanza mara moja kwa wiki, kisha karibu kila jioni. Nikaongezewa dozi hadi 40. Ukatulia, ukarudi. Nikapewa 40 asubuhi na 40 jioni. Katika safari zote hizo za kuongezewa, hakuna aliyeniuliza swali moja: unaimeza saa ngapi?

Nilikuwa naimeza usiku, nikishakula, nikielekea kitandani. Niliona ndiyo akili, kwa sababu moto wangu ulikuja usiku. Siku nyingine niliiruka, nikaimeza pale kifua kinapoanza kuwaka, kama mtu anavyomeza dawa ya kichwa.

Aliyenifumbua macho ni daktari bingwa wa mfumo wa chakula, mzee mtaratibu, niliyefikishwa kwake mwaka wa nne. Alichukua karatasi akachora. Kidonge hiki, alisema, hakifanyi kazi tumboni kama unavyodhani. Kina gamba la kukilinda kisiharibiwe na asidi njiani. Kinayeyuka kwenye utumbo, kinaingia kwenye damu, halafu kinarudi tumboni kwa kupitia damu hadi kwenye seli zinazotengeneza asidi. Seli hizo zina pampu, na dawa inaishika pampu iliyo kazini tu. Pampu iliyolala haiguswi. Na kinachoziamsha ni chakula. Sasa dawa yenyewe inakaa kwenye damu saa chache tu. Ukiimeza umeshakula, ukaenda kulala, inapofika kwenye damu nyingi ya pampu zimeshapumzika, inapita, inakwisha. Ukiimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, hasa asubuhi, inakuta pampu zinafunguka, inazikamata, na pampu iliyokamatwa haifanyi kazi tena mpaka mwili utengeneze nyingine.

Kisha akaniambia kwamba dozi ya kwanza hukamata sehemu tu ya pampu, hivyo nguvu kamili hupatikana baada ya siku tatu hadi tano za kuimeza mfululizo. Ile tabia yangu ya kuimeza nikizidiwa ilikuwa kama kumwagia maji moto ulioungua jana.

Niliuma midomo. Miaka minne! Na baadaye nilijua sikuwa peke yangu. Kuna utafiti uliofanywa Marekani kwa watu waliowahi kuwa wanajeshi, uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusu wagonjwa 366 waliopelekwa kwa wataalamu kwa sababu kiungulia chao kilikuwa hakisikii dawa. Kabla ya lolote walipewa omeprazoli kwa wiki mbili pamoja na maelekezo makini ya namna ya kuimeza. Watu 42 kati yao walipata nafuu papo hapo, wakatolewa kwenye utafiti kwa kuwa hawakuwa na haja nao tena. Kila nikikumbuka hao 42 naumia. Walikuwa wameandikwa sugu, kumbe walikosa maelezo ya dakika tano.

Wapo pia ambao ini lao huivunja dawa hii haraka kuliko la wengine, kwa sababu za kurithi, nao huambulia kidogo hata wakiimeza kwa saa yake. Kwao kubadilishiwa aina ya dawa husaidia.

Nilipoanza kuimeza vizuri, moto ulipungua kwa zaidi ya nusu. Na hapo ndipo nilipoliona tatizo la pili, ambalo moto ulikuwa umelificha. Maji yaliendelea kupanda. Nikiinama kukata kitambaa mezani baada ya chakula cha mchana, kitu kilipanda hadi kooni, safari hii bila ukali, kama maji ya uvuguvugu yenye ladha ya chakula. Nilicheua mara kumi kwa siku. Nikadhani dawa imeshindwa tena.

"Haijashindwa, mama," daktari akasema. "Imefanya kazi yake. Kazi yake ni kupunguza ukali wa yale maji. Kuyazuia yasipande si kazi yake."

Sentensi hiyo ingewekwa kwenye kila pakiti ya dawa hizi ningefurahi. Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya kilango. Unafunguka tunapomeza na kufunga tukishameza. Kwa watu wote hufunguka pia mara kwa mara bila kumeza, kwa sekunde chache, ili hewa itoke. Huko ndiko kunakotoka mbweu. Kwa mwenye ugonjwa huu, kilango kikifunguka hivyo, kinachopanda si hewa peke yake. Na kama sehemu ya juu ya tumbo imepenya kwenye tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na kuingia kifuani, hali inayoitwa ngiri ya kiwambo, kilango kinakosa ule mkazo wa kiwambo ambao hukisaidia kufunga. Mimi ninayo, ya sentimita mbili. Ilikuwa imeandikwa kwenye majibu yangu ya zamani ya kamera, kile kipimo cha kupitisha kamera kooni hadi tumboni, na hakuna aliyenieleza maana yake.

Dawa ya kukitibu kilango chenyewe ndiyo bado inayotafutwa. Ipo baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokaza, ambayo hupunguza kule kufunguka ovyo. Niliijaribu kwa wiki tatu. Kucheua kulipungua kweli, lakini nilikuwa nasinzia juu ya cherehani na kichwa kinazunguka. Siku niliyokaribia kujichoma sindano kidoleni niliacha. Daktari hakushangaa. Kusinzia na kizunguzungu ndivyo vinavyowaangusha wengi kwenye dawa hiyo.

Kilichonisaidia kwa upande wa kilango ni mambo ya kawaida, niliyoyadharau mwanzoni kwa sababu niliyasikia kila mahali. Mume wangu alipandisha kichwa cha kitanda kwa vipande vya mbao vya sentimita 15 chini ya miguu miwili ya mbele. Kurundika mito hakukunisaidia, kwa sababu mito ilinikunja kiunoni na kulibana tumbo. Nililala ubavu wa kushoto, kwa kuwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilala hivyo kilango kinabaki juu ya asidi badala ya kuzama ndani yake. Nikaacha kula katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala. Nikahamishia kazi zote za kuinama asubuhi kabla tumbo halijajaa, na nikaacha kuvaa mikanda ya kubana, jambo ambalo fundi wa nguo alipaswa kuliona mapema. Kilo saba zilizopungua katika mwaka mmoja zilinifaa kuliko dozi ya pili ya jioni.

Kuhusu vyakula nasema kidogo, maana orodha za vyakula vya kuacha nimezifuata hadi nikakonda vibaya na kuanza kuogopa sahani. Kinachomchoma mmoja hakimchomi mwingine. Mafuta mengi na shibe kubwa vilinidhuru. Vingine vingi nilivyokatazwa havikuwa na kosa lolote kwangu.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonitesa kuliko zote: kuacha dawa.

Nilianza kuogopa. Kila wiki mtu alinitumia habari kwamba dawa hizi zinaharibu figo, mifupa, kumbukumbu. Nikaacha ghafla. Siku ya tatu nilikuwa mzima. Siku ya nne nilichomeka kama sijawahi kuchomeka hata kabla ya kuanza dawa. Nilirudi kwenye kidonge usiku huohuo, na nikaamini kwamba bila hicho mimi ni marehemu. Nilirudia jaribio hilo mara tatu katika miaka miwili, na mara zote tatu lilinifikisha mahali pamoja.

Kumbe mwili ulikuwa umejibu. Asidi inapozimwa kwa muda mrefu, mwili hutoa kwa wingi homoni ya gastrini, ambayo kazi yake ni kuamuru asidi itengenezwe. Seli zinazopokea amri hiyo nazo huongezeka. Ukiondoa dawa ghafla, amri bado ipo, seli zimeongezeka, na kizuizi hakipo tena. Asidi inatoka nyingi kuliko ulivyoanza nayo. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio ambalo kila ninapolisimulia watu hunyamaza. Walichukua watu 120 wazima, wasio na kiungulia kabisa. Nusu walipewa esomeprazoli, ndugu wa omeprazoli, kwa wiki nane, kisha vidonge visivyo na dawa kwa wiki nne, bila wao kujua. Nusu nyingine walipewa vidonge visivyo na dawa wiki zote 12. Katika wiki zile za mwisho, asilimia 44 ya waliokuwa wametumia dawa walipata kiungulia au dalili za asidi. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 15. Watu ambao hawakuwa na ugonjwa walipata dalili za ugonjwa kwa sababu ya kuacha dawa yake.

Ningeambiwa hayo siku ya kwanza ya kuandikiwa, nisingeisoma ile siku ya nne kama hukumu. Ningejua ni wiki chache za kuvumilia. Safari ya nne tulifanya na daktari, polepole: kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja, kutoka 40 hadi 20. Pale palipochoma, nilitumia dawa ya maji itokanayo na mwani, ambayo hutengeneza utando unaoelea juu ya chakula tumboni na kuizuia asidi isiruke juu. Ilichukua miezi mitatu. Niliishia kwenye miligramu 20 kila asubuhi, na hapo ndipo nilipo.

Na kuhusu hofu zile, alinionyesha jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, la watu zaidi ya 17,000 waliopewa pantoprazoli au kidonge kitupu na kufuatiliwa kwa miaka kama mitatu. Madhara yaliyotofautiana waziwazi kati ya makundi yalikuwa maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 kwa waliomeza dawa, asilimia 1.0 kwa wasiomeza. Miaka mitatu si ishirini, hilo nalijua. Lakini lilinitoa kwenye hofu. Na kuna watu ambao kuacha ndiko hatari kwao: wenye umio uliochubuka vibaya, na wenye hali ya Barrett, ambapo utando wa umio umebadilika na unaweza, kwa wachache, kuelekea saratani. Hao wasiguse dozi yao kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Nilipoulizia kwa nini basi kila mtu anapewa dawa hizi kwa urahisi hivyo, yule mzee alikaa kimya kidogo. Akaniambia alisomeshwa na walimu waliokuwa wakipasua watu kwa vidonda vya tumbo, kabla simetidini, dawa ya asidi ya zamani, haijaingia mwaka 1976, na omeprazoli mwaka 1988. Alisema mtu aliyeona wagonjwa wakitoka kwenye kisu hadi kwenye kidonge hawezi kukidharau kidonge. Nilimwelewa. Tatizo ni kwamba dawa nzuri mno ilimfanya kila mmoja aache kuuliza kinachotibiwa ni nini.

Mwaka wa sita nilipimwa kamera kwa mara ya pili. Umio safi. "Huna kitu," niliambiwa na aliyenipima. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mwongo. Ningekuwa sina kitu, usiku silali kwa nini?

Mambo mawili sikuyajua. La kwanza, nilikuwa nimemeza dawa hadi jana yake, na dawa hizi zinaponya michubuko vizuri sana. Ukitaka kuuona ugonjwa kwa kamera, dawa husimamishwa wiki kadhaa kabla, kwa ruhusa ya daktari. La pili, wagonjwa wengi wa kiungulia, zaidi ya nusu, umio wao ni safi kwenye kamera hata bila dawa. Maumivu na madhara havilingani katika ugonjwa huu, na havilingani pande zote mbili. Wapo wanaoungua kila usiku na utando wao mzima, na wapo ambao utando umebadilika na hawakuwahi kusikia moto. Ndiyo maana ukali wa kiungulia si kipimo cha hatari. Ishara za hatari ni nyingine: chakula kukwama unapomeza, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi, upungufu wa damu. Anayeona mojawapo asisubiri dawa ifanye kazi.

Daktari wangu akasema sasa tupime, badala ya kukisia. Mimi ninayeshika futi kabla ya mkasi kila siku nilishangaa kwamba kwa miaka sita mwili wangu ulikuwa umekatwa kwa macho tu.

Niliacha dawa siku saba. Nikapitishiwa mrija mwembamba puani hadi kwenye umio, ncha yake sentimita tano juu ya kilango, na kiunoni nikafungwa kifaa cha kurekodi. Saa 24. Nilikwenda kazini nao, nikala nao, nikalala nao. Kila nikisikia kiungulia nilibonyeza kitufe. Haukuwa na maumivu, ila koo lilikereketa na wateja waliniangalia.

Majibu yalikuja hivi. Umio wangu ulikuwa kwenye asidi, yaani pH, kipimo cha ukali wa asidi, chini ya 4, kwa asilimia 5.2 ya muda, dakika 75 hivi kwa siku. Wataalamu walikubaliana mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 6 ni ugonjwa bila shaka, na chini ya asilimia 4 ni kawaida. Mimi niko katikati, si huku wala kule. Na hapo utaalamu wenyewe unahitaji vielelezo vingine kuamua.

Vielelezo vilikuwa kwenye kitufe. Nilibonyeza mara 31. Mara 9 asidi ilikuwa imepanda kweli. Mara 6 kilichopanda hakikuwa kikali. Mara 16 hapakuwa na kitu chochote ndani ya umio. Nilikuwa nimesikia moto mahali pasipo na moto.

Ilinichukua wiki kadhaa kuyapokea hayo. Nilisikia kama naambiwa najitungia. Daktari aliniambia hapana: mishipa ya fahamu ya umio iliyochomwa kwa miaka inaweza kuwa myepesi kiasi kwamba mguso mdogo, hata kumeza mate, unafika kwenye ubongo kama moto. Maumivu ni ya kweli. Chanzo chake ndicho siyo asidi, na kuongeza dawa ya asidi ni kuwanywesha maji wasio na kiu. Katika ule utafiti wa watu 366, wagonjwa 99 waligundulika kuwa kiungulia chao ni cha aina hiyo tu, bila ugonjwa mwingine. Wangapi kati yao walikuwa wameongezewa dozi mwaka hadi mwaka?

Nilipewa dozi ndogo ya amitriptilini, miligramu 10 usiku. Ni dawa ambayo kwa dozi kubwa hutibu sonona, na niliposoma maelezo yake nilitaka kuirudisha. Nashukuru sikuirudisha. Kwa dozi ile ndogo kazi yake ni kutuliza mishipa. Mdomo ulikauka wiki za kwanza. Mwezi wa pili zile siku za kuwaka bila sababu zilianza kuachana. Nilifundishwa pia kupumua kwa kutumia kiwambo, tumbo likipanda na kifua kikitulia, dakika kumi baada ya kula. Sikutegemea kitu kwenye zoezi hilo, na sasa siliachi, maana hata kucheua kulipungua.

Nilimuuliza kuhusu upasuaji. Upo tangu zamani: daktari mpasuaji Rudolf Nissen aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1955, wa kuizungushia sehemu ya juu ya tumbo kwenye mwisho wa umio kama kola ya shati, na siku hizi ipo pia pete ya sumaku ndogondogo inayovishwa kilango. Kwa aliyechaguliwa vizuri ni tiba kubwa. Katika utafiti uleule, kati ya wagonjwa 78 waliobaki baada ya mchujo wote, upasuaji uliwafaa asilimia 67, ilhali dawa za ziada ziliwafaa asilimia 28. Lakini ona ukali wa mchujo: 366 hadi 78. Na kola ikibana sana chakula kinakwama na gesi haitoki. Mimi, mwenye asilimia 5.2 na mishipa myepesi, alinishauri nisiende huko. Nilikubaliana naye.

Dawa mpya zipo. Vonoprazani iliidhinishwa Japani mwaka 2014, na kwa ugonjwa huu Marekani mwishoni mwa 2023. Haisubiri chakula, inaanza kazi haraka, inadumu usiku. Kwa walio na michubuko mikubwa ya umio ni habari njema kweli. Ila nayo ni dawa ya asidi. Kilango inakiacha kilivyo, mishipa inaiacha ilivyo.

Kilichobaki kwangu ni koo. Kila asubuhi sauti yangu ni nzito, na nakohoa kusafisha kitu kisichotoka. Hapa ndipo tiba bado iko mbali kuliko popote. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa watu 346 wenye dalili kama zangu za kooni ama lansoprazoli, dawa nyingine ya jamii ya omeprazoli, mara mbili kwa siku ama kidonge kitupu, kwa wiki 16. Nafuu ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili. Hata hivyo watu wa koo wanaendelea kuandikiwa dozi hizo kila siku, na mimi niliandikiwa pia, kabla ya kupimwa. Nimeanza kwenda kwa mtaalamu wa sauti. Ananifundisha kunywa funda la maji badala ya kukohoa kwa nguvu, kwa sababu kukohoa kwenyewe kunaichubua sauti. Mwezi wa tatu sasa. Kuna asubuhi naongea vizuri na kuna asubuhi siwezi kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Wiki iliyopita binti ninayemfundisha kushona alitoa pakiti kwenye mkoba, akachomoa kidonge. Tulikuwa tumemaliza kula. Nikakitambua kwa rangi yake kabla hajakifikisha mdomoni.

"Una kiungulia?"

"Mwaka wa pili, mama. Nimeongezewa dozi juzi."

"Unaimeza saa ngapi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa bibi yake. "Nikizidiwa," akasema.

Nikamwambia aweke mkasi chini, avute kiti.